Mada: Risasi za shotigani za kulinda nyumba, ukuta wa jipsamu na watoto chumba cha pili

Kutoka: Dada wa Columbus, kwa sasa niko Moshi

Habari za jioni ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Nawaandikia kutoka Longuo kwa wakwe, mi na watoto tumekuja Krismasi ila baba yao kabaki Columbus, Ohio, kule Marekani, maana kule kwenye maghala Desemba hakuna cha likizo. Sasa kabla hatujaondoka pale mtaani kwetu wamevunja nyumba ya jirani, mlango wa nyuma, wenyewe wamelala ndani. Mume wangu akaamua kununua shotigani ya pampu, geji 12 (ndo saizi ya mtutu wake), ya mtumba lakini kwenye duka lenye leseni na fomu zote kajaza. Bunduki ipo, risasi bado, kwa sababu kila tunayemuuliza ana jibu lake. Kijana wa dukani anasema chukueni zile za kuwindia ndege eti hazitoboi ukuta. Mzee mmoja wa kanisani kwetu anasema sifuri mbili, zile za goroli kubwa zilizoandikwa 00, tena za ganda refu la inchi tatu, ndo kali. Shemeji yangu hapa Longuo anasema bunduki ikilia tu mwizi anapotea, kwa hiyo chochote kinatosha. Kinachoninyima usingizi mimi ni watoto, chumba chao kinatazamana na chetu, katikati korido tu. Nishaurini kama ndugu wa damu jamani.

Kutoka: Mzee wa Njiro, Arusha

Marahaba binti yangu na karibuni nyumbani. Nimekaa Texas miaka mingi kabla ya kurudi Arusha na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa kwenye uwanja wa shabaha, kazi yangu kusimamia usalama wa wanaojifunza, kwa hiyo hili naomba nilijibu kwa kirefu mnivumilie.

Kwanza hapo ulipo inuka ukagonge ukuta wa hiyo nyumba ya wakwe. Ni bloku za inchi sita au tofali za kuchoma, plasta pande zote mbili, mkono ndo unaumia. Sisi tumekulia ndani ya ukuta wa namna hiyo na tunasafiri nao kichwani, mtu wa Moshi akiambiwa risasi itaishia ukutani anauona ukuta wa kwao. Ukuta wa ndani wa nyumba yako kule Columbus ni bodi mbili za jipsamu, kila moja unene wa milimita 12 na ushee, katikati nguzo za mbao zimeachana na kilichobaki ni hewa. Mtoto akiangukia goti anaacha shimo. Pale uwanjani tulikuwa tunafunga vipande vya jipsamu viwili viwili kwenye fremu, tunaviacha hatua kadhaa kama vyumba vinavyofuatana, tunapiga, alafu kila mwanafunzi anaitwa aje apitishe kidole kwenye matundu mwenyewe. Sifuri mbili inapita ukuta wa kwanza, wa pili, na huko mbele bado inaenda. Ya bastola nayo inapita. Na hii ndo kijana wa dukani hakukwambia, hata hayo marisau ya ndege kwa umbali wa chumba yanapita ukuta wa kwanza, maana hapo karibu bado hayajatawanyika, yanaenda yameshikana.

Sasa ukishika risasi yenyewe mkononi utaelewa kwa nini. Chini kuna kitako cha shaba chenye fataki katikati, juu yake ganda la plastiki, ndani baruti, juu ya baruti kikombe cha plastiki na ndani ya kikombe ndo kuna marisau. Ukubwa wa marisau ndo kila kitu. Yale ya ndege namba 8 kila chembe ni kama milimita 2.3 na humo ndani yapo mamia. Sifuri mbili kila goroli ni milimita 8.4 na kwenye ganda la kawaida la inchi 2¾ zinakaa nane au tisa tu. Kuna namba 1 ya milimita 7.6, hizo huwa kama 16, alafu kuna namba 4 ya milimita 6.1 ambazo huwa 27. Hapo kwenye namba 4 mume wako awe makini kusoma boksi kwa sababu kuna namba 4 ya goroli na kuna namba 4 ya ndege, namba moja vitu viwili tofauti kabisa, ya ndege ni milimita 3.3 tu.

Kwa nini marisau madogo siyapendi kwa kazi hii. FBI walipigana na majambazi wa benki Miami mwaka 1986, wakafa maajenti wawili, na mmoja wa wale majambazi alishapigwa risasi mapema ila ikaishia kabla ya kufika moyoni, akaendelea kuua. Baada ya hapo walikaa chini wakapima risasi upya kwenye jeli ya maabara na kipimo wanachotumia mpaka leo ni kwamba isiingie chini ya inchi 12, yaani sentimita 30, na isizidi inchi 18. Marisau ya ndege kwenye jeli hiyo yanaishia kwenye sentimita 10 hadi 15 hivi. Hapo hujaweka jaketi la baridi ya Ohio. Kwa hiyo unalipia kitu kinachopita ukuta wa watoto na bado hakina uhakika wa kumzuia mtu aliyekuja kukuua.

Ukiniuliza mimi, nunueni sifuri mbili ya inchi 2¾ ile yenye teke dogo, ya goroli nane au tisa, na mkiipata ile yenye kikombe kinachobana goroli zisitawanyike mapema chukueni hiyo. Federal wana yao wanaiita FliteControl na Hornady nao wana ya namna hiyo. Mwendo wake ni kama mita 350 kwa sekunde badala ya 400 za ile ya kawaida, na ndani ya nyumba hautakosa chochote kwa tofauti hiyo, ila bega litashukuru na risasi ya pili utaweza kuipiga ukiwa bado unaona unachopiga. Kuna watu wanapenda namba 1 na sigombani nao, ni risasi nzuri, shida kuipata madukani. Slagi, lile donge moja la gramu 28, ni la nguruwe pori na dubu, ndani ya nyumba ya jipsamu lisiingie kabisa.

Kuhusu za inchi tatu, mzee wa kanisani namheshimu lakini hapana. Zinaongeza teke na kelele, na kama mtutu umechongwa kwa ajili ya 2¾ kuweka ya inchi tatu ni hatari, ganda likifunguka mbele halina nafasi na presha inapanda. Urefu umeandikwa ubavuni mwa mtutu, karibu na chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Asome kwa tochi.

Kutoka: Kijana wa Minneapolis, nyumbani Sakina

Shikamoo mzee, umeshusha darasa. Naongeza moja tu ambalo naona watu wetu wanalipita. Kabla ya kuuliza risasi gani, uliza karatasi yako inakuruhusu kushika hata hiyo risasi moja. Sheria ya shirikisho ya Marekani inakataza mtu mwenye viza ya muda, wanafunzi, watalii, wa kazi, kumiliki bunduki NA risasi, isipokuwa kwa masharti machache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye grinikadi, yaani kibali cha kuishi kule moja kwa moja, anaruhusiwa. Na ile fomu ya dukani, 4473, ukijaza uongo ni kosa kubwa la shirikisho, alafu kosa la bunduki linaweza kukurudisha Tanzania hata kama una grinikadi, hakuna cha kusema sikujua. Najua nyumba za watu wetu zilivyo, baba ana grinikadi, binamu yuko kwa viza ya shule analala sebuleni, mjomba kaja kutembea miezi kadhaa. Funguo za hilo sefu asiwe nazo binamu wala mjomba. Na majimbo nayo yana yake, rafiki zangu wa Illinois lazima wawe na kadi ya FOID, kitambulisho cha mwenye silaha cha jimbo lao, hata kununua boksi la risasi, California na New York wanakukagua kwanza wakati wa kununua risasi. Ohio wako legevu zaidi hapo.

Kutoka: Dada wa Reading

Jamani mi niko huku Uingereza nasoma tu. Wa huku wenzangu msije mkachukua ushauri huu mkaenda nao kituoni, huku shotigani unapewa cheti kwa kulengea sahani za udongo zinazorushwa hewani au kuwinda au kazi ya shamba, ukiwaambia polisi unataka kulindia nyumba ndo umeshanyimwa hapo hapo. Sisi huku ni kufuli nzuri, taa, na kupiga 999.

Kutoka: Shemeji wa Longuo

Wakubwa heshima yenu. Shemeji amenionyesha humu nimesemwa, basi nami nijibu. Mimi nasema kwa uzoefu wa huku. Hapa mtu akiingia uani usiku unapiga kelele za mwizi, jirani anapokea, mbwa wanapokea, dakika sifuri njia yote imejaa watu wana tochi na mapanga. Bunduki ya mlinzi ikilia hewani kila mtu anajua kuna nini. Ndo maana nasema mlio unatosha, kwa nini aende mbali mpaka kumtoboa mtu. Na kuna zile za mpira nimesikia, si awekee hizo?

Kutoka: Mzee wa Njiro, Arusha

Mangi, nakuelewa na huruma yako ni ya mtu mwenye utu, usiiache. Ila tusimpeleke binti yetu kule na mazingira ya Longuo. Columbus ukipiga kelele za mwizi jirani anafunga mlango wake na kupiga 911, na hivyo ndivyo walivyofundishwa. Kupiga hewani ndani ya mji wa kule ni kosa linaloweza kukufunga, na ile risasi itashuka mahali, chini ya paa la mtu. Kumtisha mwizi kwa mlio wa pampu nako usikutegemee, wapo wanaokimbia na wapo wanaojibu kwa risasi, na ukisubiri kuivuta ili yeye asikie umeshamwambia ulipo wakati bado hujajiandaa.

Za mpira na zile za vifuko siziungi mkono kwa mtu wa kawaida. Polisi wanazo, wamefundishwa, wana wenzao nyuma yao wenye risasi za kweli. Kwa karibu hiyo ya mpira inaweza kuua, kwa hiyo mbele ya sheria umetumia silaha ya kuua, na kwa mtu aliyedhamiria inaweza isimfanye kitu. Kama hali haijafikia kiwango cha kumpiga mtu kwa risasi ya kweli basi haijafikia kiwango cha kunyoosha bunduki, funga mlango ukae kimya upige simu. Na zile risasi za mbwembwe za mitandaoni, za kutoa moto, za vishale, ziacheni hukohuko.

Sasa binti, kuhusu korido. Kwa kuwa risasi yoyote yenye uwezo inapita jipsamu, ulinzi wa watoto hautoki kwenye boksi la risasi, unatoka kwenye unasimama wapi na unaelekeza wapi. Siku mkirudi chukueni mkanda wa kupimia, mzime taa, mtembee nyumba nzima. Simama mlangoni mwa chumba chenu utazame upande ambao mtu atatokea. Nyuma yake kuna nini? Ukuta wa nje wa matofali, au chumba cha watoto, au sebule ya jirani? Kila mahali penye mtoto nyuma hapo hapapigwi, hata iweje. Mara nyingi mpango mzuri ni mmoja, watoto wahamie kwenu, mnafunga mlango, mnakaa nyuma ya kitanda upande ambao mkielekeza mlangoni mstari unaishia ukuta wa nje. Kama kitanda cha watoto kimekaa sawasawa na mlango wenu kihamisheni, hiyo haina gharama. Alafu umbali mrefu kuliko wote ndani ya nyumba, labda mita saba nane, uandikeni.

Huo umbali ndo wa kwenda nao uwanjani. Bandikeni karatasi kubwa, pigeni risasi moja moja za aina mbili tatu muone goroli zinakaaje. Mtu anadhani shotigani inamwaga chumba kizima, hapana, kwa mita tatu nne tundu ni kama ngumi, kwa hiyo bila kulenga unakosa kabisa. Na bunduki mbili za kiwanda kimoja zinaweza kuipenda boksi tofauti, moja inakusanya goroli zote ukubwa wa kisahani cha chai na nyingine ikaacha goroli moja imetoka pembeni. Hiyo moja iliyotoka pembeni ndo itakayoingia chumba cha watoto, kwa hiyo aina hiyo msinunue hata kama imepunguzwa bei.

Kutoka: Dada wa Columbus

Mzee asante sana sana, nimesoma huku nagonga ukuta kweli, mama mkwe akaniuliza kulikoni. Maswali mawili tena naomba. Mi ni mdogo wa mwili, niliijaribu moja ya rafiki yetu bega likavimba, mume anasema anunue na ya geji 20 iwe yangu. Na je tunaiwekaje ndani, mtoto mkubwa ana miaka sita na hakuna kabati asilolifungua.

Kutoka: Mzee wa Njiro, Arusha

Geji 20 ni nzuri na kwa mtu wa mwili wako sina pingamizi, kuna goroli namba 3 ya geji hiyo, milimita 6.35, huwa kama 20 kwenye ganda, inafanya kazi. Tatizo langu ni nyumba moja kuwa na geji mbili. Ganda la 20 ukiliweka kwa bahati mbaya kwenye bunduki ya 12 linateleza linapita chemba linakwama mtutuni mbele. Wewe unaona chemba tupu, unaweka ya 12, unafyatua, na mtutu unapasuka mkononi mwako. Ndo sababu viwanda vinatengeneza maganda ya geji 20 ya rangi ya njano, uone haraka. Usiku, na hofu, taa zimezimwa, rangi hazionekani. Kwa hiyo chagueni geji moja. Ama muuze hiyo ya 12 mchukue 20 ya wote wawili, ama mbaki na 12, muweke risasi za teke dogo, na mkate kitako cha bunduki, kile kinachokaa begani, kiwe kifupi au mnunue kitako kifupi, maana bega kuvimba mara nyingi ni kitako kirefu kwa mkono wako, unajikuta umekiweka kwenye mfupa badala ya kwenye nyama ya bega. Mi ningeanza na kitako kabla ya kununua bunduki ya pili.

Kuhusu kuiweka, hapa naomba usinielewe nusu. Sefu ya ukutani inayofunguka haraka kwa namba, imefungwa kwenye nguzo ya mbao na sio kwenye jipsamu, juu mtoto asipofika, na namba mnaijua wawili tu. Ndani ya sefu, magazini ya bunduki (bomba linalobeba risasi zinazosubiri) ina risasi, chemba TUPU. Shotigani nyingi sefti, kile kitufe cha usalama, inazuia triga peke yake, bunduki ikianguka na risasi iko kwenye chemba inaweza kujifyatua hata kama sefti umeweka. Wote wawili mjue sefti ilipo kwa gizani, Remington 870 ni kitufe nyuma ya triga, Mossberg 500 iko juu mgongoni inasukumwa kwa kidole gumba. Risasi za ziada zikae sehemu nyingine iliyofungwa, pakavu. Na maganda ya plastiki yakikaa muda mrefu yamebanwa na springi ya magazini yanaanza kubonyea, kila baada ya miezi yatoeni myazungushe, lililobonyea au lenye kutu kwenye shaba msilirudishe, mkalipige uwanjani au mlipeleke dukani walitupe wao.

Mtoto wa miaka sita mfundisheni kabla hajaiona, akiona bunduki popote, kwenu au kwa rafiki, asiguse, atoke, amwite mkubwa. Rudieni rudieni.

Na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu sisi ni watu weusi na nchi ile tunaijua. Ukipiga 911 jitambulishe, sema ni mwenye nyumba, sema umevaaje, sema una bunduki na watoto uko chumba gani, usikate simu. Polisi wakiingia bunduki iwe imeshawekwa chini, mikono mitupu inaonekana. Usiende mlangoni kuwapokea ukiwa nayo mkononi hata kama imeelekezwa sakafuni. Watu wamekufa namna hiyo ndani ya nyumba zao wenyewe.

Kutoka: Kijana wa Minneapolis, nyumbani Sakina

Mzee kuna mtu ameniuliza pembeni, anajenga Moshono, je anaweza kurudi na yake kwenye kontena pamoja na vyombo?

Kutoka: Mzee wa Njiro, Arusha

Mwambie asithubutu kuificha kwenye vyombo. Huku kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, silaha na risasi vyote vinahitaji kibali kabla havijaingia na leseni ya kumiliki inapitia polisi, aje aanze na ofisi zao kwanza ndo afikirie kusafirisha. Na nyinyi mnaosafiri likizo, begi mlilokwenda nalo uwanja wa shabaha msije nalo nyumbani. Ganda moja lililosahaulika kwenye mfuko wa pembeni ukishuka nalo KIA ni maelezo marefu sana, na Desemba wote tunajua hapo kunavyojaa.

Kwa Moshono penyewe ningemshauri hela hiyo aweke kwenye geti, nondo za madirisha, taa na mbwa wawili wazuri, maana huku jirani bado anaitika.

Kutoka: Dada wa Columbus

Nimempigia mume wangu sasaivi kule ndo mchana. Kitanda cha watoto anakihamisha leo kabla hajaenda kazini. Geji inabaki 12, anatafuta kitako kifupi, na risasi atanunua boksi tatu tofauti ndogo za sifuri mbili za teke dogo tukazijaribu kwenye karatasi nikirudi Januari ndo tuchague moja. Mtutu anasema umeandikwa ila kuna kutu hasomi vizuri, anaona 2 alafu mkwaruzo.

Kutoka: Mzee wa Njiro, Arusha

Basi asipige kitu. Aipeleke kwa fundi wa bunduki mwenye leseni, apime chemba kwa kifaa chake cha kupimia na atazame mtutu ndani kama hiyo kutu imeingia, haichukui muda. Alafu picha ya hayo maandishi anitumie nami niangalie kabla hajalipia boksi hata moja.